Kingamwili Yako Inashika Nini? Mwongozo wa Peptidi Kizibo

Kichupa cha kingamwili kikifika labo huwa kimeandikwa jina la protini ambayo eti kinaishika. Jina hilo ni ahadi ya muuzaji. Mara nyingi ahadi yenyewe ilijaribiwa kwa panya, au kwa seli za binadamu zilizokuzwa kwenye sahani, na wewe unataka kuitumia kwa ubongo wa samaki aliyevuliwa jana Tanganyika. Kabla hujapiga picha ya kuonyesha watu, ipime kwanza. Njia ya kuanzia haihitaji mashine yoyote ambayo huna: ni peptidi kizibo.

Nakuandikia wewe mwanafunzi au fundi wa labo wa Uvira, uwe unafanya kazi kwenye Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, CRH, au hospitalini, unalala Kimanga au Kalundu, una friji moja, umeme unaokwenda na kurudi, na pesa ya kuagiza kitu mara moja tu. Kwa hali hiyo jaribio lipangwe vizuri kabla ya kifuniko chochote kufunguliwa.

Wazo lenyewe ni jepesi. Kingamwili nyingi za kuuza hutengenezwa kwa kumdunga sungura peptidi fupi, asidi amino 10 hadi 20, iliyonakiliwa kutoka kwenye protini inayotafutwa. Peptidi peke yake ni ndogo mno, haiamshi kinga ya sungura ipasavyo, kwa hiyo hubandikwa kwenye protini kubwa ya kuibeba, mara nyingi KLH, protini ya damu ya konokono wa baharini. Peptidi kizibo ni ile ile aliyodungwa sungura, ila sasa iko huru, bila kibebeo. Ukiichanganya na kingamwili mapema, nafasi za kushikia zinajaa. Mvuvi yeyote wa hapa anajua kwamba samaki aliyeshiba ndagala haigusi ndoana. Kingamwili iliyokwisha kujazwa ukiimwaga juu ya kipande cha ubongo, rangi uliyoiona awali inapotea. Ikibaki, basi rangi ile ilikuwa na chanzo kingine: kingamwili ya pili iliyonata ovyo, damu iliyobaki kwenye mishipa, au kingamwili nyingine zilizokuwamo kwenye serumu ya sungura.

Tuchukue mfano wa karibu. Kwenye ufuo wa kaskazini wa ziwa na kwenye maji ya Ruzizi anaishi samaki mdogo aitwaye Astatotilapia burtoni. Jina ni la Richard Burton, aliyefika Ujiji pamoja na John Hanning Speke Februari 1858, kisha mwezi Aprili wakapanda mitumbwi mpaka Uvira, ambako waliambiwa kwamba Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Katika miaka ya 1970 Russell Fernald alimchunguza samaki huyu upande wa Burundi, na tangu hapo vizazi vyake vinaishi kwenye matangi ya maabara za Ulaya na Marekani. Ndiyo maana samaki ambaye hapa watoto humpita bila kumtazama ana maandishi mengi ya sayansi ya ubongo kuliko mukeke anayeuzwa kila soko.

Kilichowavutia wanasayansi ni madume. Dume mwenye eneo lake ana rangi kali na mstari mweusi unaopita jichoni. Asiye na eneo amepauka kama jike. Dume mnyonge akipata eneo hubadilika sura kwa muda mfupi sana, na ndani ya kichwa chake seli za neva zinazotengeneza homoni ya GnRH1 hunenepa. Akinyang'anywa eneo, hupungua tena. Homoni hiyo huiamuru tezi ya pituitari, na pituitari huyaamsha makende. Ukitaka kuziona seli zile chini ya hadubini unahitaji kingamwili ya GnRH, na hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu burtoni ana GnRH za aina tatu. Jeni zake tatu zilitangazwa mwaka 1995, na kila aina ina makao yake: GnRH1 iko eneo la prioptiki, mbele ya hipothalamasi, GnRH2 iko ubongo wa kati, GnRH3 iko mbele kabisa, kwenye neva ya mwisho karibu na neva za kunusia.

Zitazame herufi zao kwa ukaribu. GnRH1 ni pGlu-His-Trp-Ser-Tyr-Gly-Leu-Ser-Pro-Gly-NH2. GnRH2 ni pGlu-His-Trp-Ser-His-Gly-Trp-Tyr-Pro-Gly-NH2. GnRH3 ni pGlu-His-Trp-Ser-Tyr-Gly-Trp-Leu-Pro-Gly-NH2. Kila moja ina asidi amino 10, na 7 kati ya hizo ni zile zile kwa zote tatu. Tofauti ziko nafasi ya 5, ya 7 na ya 8 tu. Kingamwili inayoshika mkia au kichwa cha GnRH1 itazishika na nyingine mbili bila kusita, hata kama kichupa kimeandikwa namba 1 kwa wino mzito. Hapa usinunue kizibo kimoja. Agiza vyote vitatu, na cha nne cha kudanganyia: peptidi yenye asidi amino zile zile za GnRH1 zilizovurugwa mpangilio.

Unapoagiza, kuwa mkali kuhusu ncha. GnRH ya mwilini huanza na glutamati iliyojikunja, pGlu, na huishia na amidi, NH2. Kampuni ya kutengeneza peptidi, usipoiambia, itakupa ncha wazi za kawaida, kwa sababu ndizo rahisi. Kingamwili nyingi za GnRH zinautambua mkia wenye amidi. Ukiitilia peptidi isiyo na amidi haitazibika, nawe utaandika kwamba kingamwili ni mbovu kumbe mbovu ni oda yako. Kwa peptidi nyingine uliza muuzaji wa kingamwili mfuatano kamili aliomdunga sungura, pamoja na kibebeo alichotumia. Kama kibebeo kilikuwa albumini ya ng'ombe, BSA, serumu ya sungura itakuwa na kingamwili za BSA pia, na hizo peptidi yako haizigusi.

Peptidi hufika ikiwa unga mkavu, mara nyingi kidogo hata huuoni, umetanda kwenye kuta za kichupa. Ikiwa kavu inavumilia safari ya siku kadhaa bila barafu, jambo ambalo kwa mzigo wa kuja Uvira ni neema; kingamwili yenyewe haina uvumilivu huo. Kikitoka kwenye baridi, kiache kichupa kikiwa kimefungwa mpaka kifikie joto la chumba, ndipo ukifungue. Ukikifungua kikiwa baridi, unyevu wa hewa ya ziwani utaingia na unga utaanza kuharibika. Kizungushe kidogo kwenye sentrifuji ili unga ushuke chini, kisha uuyeyushe kwa maji safi kufikia miligramu 1 kwa mililita. Gawa hapo hapo kwenye vichupa vidogo vya mikrolita 50, kila kimoja cha kutumia siku moja na kutupa kinachobaki. Kuyeyusha na kugandisha mara kwa mara kunaiua peptidi, na friji inayozimika kila umeme unapokatika inafanya kazi hiyo bila kukuuliza. GnRH ina triptofani nafasi ya 3, asidi amino inayoharibiwa na hewa na mwanga, kwa hiyo funika vichupa kwa karatasi ya alumini. Vichupa vya unga ambavyo hutavihitaji karibuni viache vikavu, usiviyeyushe.

Mambo mawili watu huyasahau. Uzito ulioandikwa si peptidi tupu. Ndani yake kuna chumvi na maji, na peptidi halisi huwa kati ya 60 na 90 kwa mia. Pia peptidi nyingi huja zikiwa chumvi ya asidi ya trifloroasetiki, kwa hiyo mchanganyiko mzito unaweza kuwa na uchachu wa kuvuruga kingamwili. Pima pH kwa karatasi kabla ya kuendelea.

Sasa hesabu. Kingamwili ya aina ya IgG ina uzito wa molekuli wa takriban 150,000; GnRH1 ni takriban 1,113. Maikrogramu 1 ya IgG ni pikomoli 6.7, na kwa kuwa kila moja ina nafasi mbili za kushikia, una nafasi kama pikomoli 13. Maikrogramu 10 za peptidi ni karibu pikomoli 9,000. Kwa hiyo maelekezo ya kawaida, peptidi mara kumi ya uzito wa kingamwili, yanakupa molekuli zaidi ya 600 kwa kila nafasi. Ni nyingi mno, na wingi huo una hatari yake ambayo tutaifikia. Ukiwa na serumu nzima badala ya kingamwili iliyosafishwa, hujui ni sehemu gani ya IgG inayoishika GnRH. Anza na maikrogramu 10 kwa kila mililita ya serumu iliyokwisha kuzimuliwa.

Kabla ya kuziba, tafuta kiwango cha kingamwili. Jaribu 1 kwa 500, 1 kwa 1,000, 1 kwa 2,000, 1 kwa 5,000, na uchague ile nyembamba kabisa ambayo bado inakupa seli wazi. Wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kuona majibu. Ukitumia kingamwili nzito kupita kiasi, kizibo hakitatosha na rangi itabaki, au rangi chafu itajaa kiasi kwamba hutajua kilichopotea ni kipi.

Siku ya kazi, zimua kingamwili yote kwenye chombo kimoja, kisha ndipo uigawe, mililita moja moja kwenye mabomba matano. Usizimue kila bomba peke yake, maana tofauti ndogo ya pipeti itaonekana kama matokeo. Bomba la kwanza litilie mikrolita 10 za maji yale yale uliyoyeyushia peptidi, bila peptidi. La pili mikrolita 10 za GnRH1, la tatu GnRH2, la nne GnRH3, la tano peptidi iliyovurugwa. Bomba la sita lina bafa tupu, bila kingamwili ya kwanza kabisa, ili uione tabia ya kingamwili ya pili. Yaache yakizunguka polepole usiku kucha kwenye nyuzi 4. Karatasi za maelekezo husema pia saa moja au mbili kwa joto la chumba, lakini zinawazia chumba cha nyuzi 20 hadi 25, na mchana wa Uvira si huo. Asubuhi zungusha kwa kasi kwenye sentrifuji dakika 15 na uchukue maji ya juu tu. Mabonge yaliyojikusanya chini hunata kwenye tishu na kuacha vidoti.

Vipande vya ubongo navyo vinahitaji mpango. Usitumie samaki mmoja kwa bomba la kwanza na mwingine kwa la pili, kwa sababu dume mwenye eneo na dume mnyonge hawana seli za ukubwa mmoja, na utadhani kizibo kimefanya kazi kumbe umebadilisha samaki. Kata ubongo mmoja kwa unene wa maikromita 20, kipande cha kwanza kwenye slaidi ya A, cha pili kwenye B, mpaka F, kisha urudi A. Kila slaidi itakuwa na vipande vya ubongo mzima, kimoja kila maikromita 120, na kila bomba litapata slaidi yake. Kama unatumia peroksidasi kutoa rangi, zima kwanza peroksidasi ya damu ya samaki kwa haidrojeni peroksaidi, la sivyo chembe nyekundu zitang'aa kwenye slaidi zote sita. Kuanzia hapo kila kitu kiwe sawa: dakika za kuosha, dakika za rangi, mwanga wa kamera. Slaidi moja ikiachwa kwenye rangi dakika mbili zaidi, kazi yote imekwenda na maji.

Kuna mtego mmoja wa vipande vilivyohifadhiwa kwa paraformaldehidi, na sijaona maelekezo mengi yakiutaja. Aldehidi zilizobaki kwenye tishu zinaweza kuikamata peptidi huru na kuinatisha pale, kisha kingamwili ikaishika peptidi hiyo. Badala ya kufifia, slaidi yenye kizibo inazidi kuchafuka. Osha vipande kwa glisini dakika 20 au 30 kabla ya kuanza. Ikiwa bado inachafuka, tumia peptidi iliyofungwa kwenye shanga ndogo za jeli: kingamwili inanaswa, shanga zinashushwa kwa sentrifuji, na tishu haikutani na peptidi.

Kusoma matokeo, mpe mwenzako afunike herufi za slaidi kwa utepe na azichanganye. Hesabu seli kwanza, fungua utepe baadaye. Slaidi A na E, ya maji na ya peptidi iliyovurugwa, zinapaswa kufanana. F iwe tupu. Kama E imefifia kama B, tatizo ni maji ya peptidi, pH au chumvi, na jaribio halisemi lolote bado. Kama B haijapoteza kitu, rudi kwenye ncha za peptidi na umri wa kichupa kabla ya kuilaumu kingamwili.

Sehemu yenye utamu ni C na D. Tuseme seli za prioptiki zimepotea kwenye B na zimepotea pia kwenye D. Maana yake kingamwili inashika sehemu ambayo GnRH1 na GnRH3 zinashirikiana, na huna haki ya kuiita kingamwili ya GnRH1. Iite ya GnRH, basi. Lakini kabla ya kuamua, rudia kwa kushusha kiwango: peptidi maikrogramu 10, kisha 1, kisha 0.1, kisha 0.01 kwa mililita. Ule wingi wa molekuli 600 kwa nafasi unaweza kulazimisha hata jirani asiyependwa kuingia. Kama GnRH1 inafuta rangi kwa 0.1 na GnRH3 inahitaji 10, kingamwili inaichagua GnRH1 kweli, ingawa si kwa uaminifu kamili. Kipimo kimoja kikubwa hakiwezi kukuonyesha hilo. Kanuni hii ya kushindania nafasi kwa viwango ndiyo iliyomfikisha Rosalyn Yalow kwenye tuzo ya Nobel ya 1977, aliyoigawana na Andrew Schally na Roger Guillemin, ambao maabara zao zilifichua mfuatano wa GnRH ya mamalia mwaka 1971.

Samaki huyu anakupa pia ushahidi wa bure, kwa kuwa aina tatu za GnRH zinakaa sehemu tatu. Kingamwili inayoitwa ya GnRH1 ikiwasha seli za ubongo wa kati, imejisema yenyewe, hata kabla ya kizibo.

Sasa mpaka wa njia hii. Kizibo kinakuambia kwamba kingamwili inashika kwa mfuatano ule. Hakikuambii kwamba ndani ya tishu hakuna protini nyingine yenye mfuatano unaofanana. Kingamwili inayoshika vitu viwili itazibwa kwa vyote viwili, na slaidi itaonekana safi na ya kupendeza. Mwenye kazi hospitalini anao mfano huo mezani kila siku: kipimo cha haraka cha malaria kinachoshika HRP2 ya Plasmodium falciparum. Kingamwili zake hulenga vipande vinavyojirudia, kama AHHAAD, na protini ndugu, HRP3, ina marudio ya namna hiyo pia. Peptidi ya AHHAAD itazizima zote mbili bila kukutenganishia. Kinachotenganisha ni vimelea vyenyewe: aina ya maabara iitwayo Dd2 haina jeni ya hrp2, HB3 haina ya hrp3, na 3D7 inazo zote. Kingamwili ikiwaka kwenye Dd2, imeshika HRP3 au kitu kingine, hata kama peptidi iliizima vizuri. Si suala la labo tu; Eritrea ililazimika kubadili vipimo vyake mwaka 2016 baada ya kukuta wagonjwa wenye vimelea visivyo na hrp2.

Kuna na kingamwili ambazo peptidi haizihusu. Kipimo cha haraka cha kipindupindu, ambacho wauguzi wa Uvira wanakijua vyema, kinashika sukari za ukuta wa Vibrio cholerae O1, si protini. Hapo utaziba kwa lipopolisakaridi iliyosafishwa. Vilevile kingamwili iliyotengenezwa kwa protini nzima iliyokunjika inaweza kushika umbo, na kipande kilichonyooka hakina umbo hilo.

Kwa sababu hizo majarida hayaridhiki tena na kizibo peke yake. Clifford Saper, alipokuwa mhariri wa Journal of Comparative Neurology, aliwaandikia wasomaji mwaka 2005 akidai ushahidi zaidi, na mwaka 2016 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Mathias Uhlén lilipendekeza njia tano, ikiwemo kuondoa jeni na kulinganisha na kipimo kisichotumia kingamwili. Kwa burtoni, mwenzi mwafaka wa kizibo ni kutafuta RNA ya gnrh1 kwenye vipande vya jirani: seli zilezile zikiwaka kwa njia zote mbili, umesimama pazuri. Mnyama asiye na jeni ni bora zaidi, ukimpata.

Kwenye ripoti andika mfuatano wa kila peptidi pamoja na ncha zake, namba ya toleo la kingamwili, uzimuaji, viwango vyote vya kizibo na saa zilizopita, na uweke picha za slaidi zote sita, hata zile zisizovutia. Namba ya toleo usiidharau, maana sungura akifa toleo linalofuata hutoka kwa sungura mwingine, nawe unaanza upya kwa kichupa kipya chenye jina lile lile. Ndiyo maana peptidi ziagizwe nyingi kuliko kingamwili. Miligramu moja inatosha vipimo vingi na ikiwa kavu inakaa. Na muuzaji akikataa kukutajia mfuatano wa peptidi aliyomdunga sungura, tafuta mwingine.